MAJI MAANGAVU YASIYO NA SAMAKI

Ukurasa wa Usalama na Afya

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumbani, na ninyi vijana mnaokwenda mtoni na ndoana: leo ukurasa huu hausemi juu ya kofia wala viatu vya kazi. Unasema juu ya samaki. Mtauliza: samaki anahusiana nini na usalama wa mgodi? Anahusiana sana. Samaki ni mlinzi asiyelipwa mshahara. Anakaa majini usiku na mchana, hana mahali pengine pa kukimbilia, na mara nyingi sumu ya metali inampata yeye kabla mtu hajaona jambo lolote.

Tuanze na swali. Kuna vijito viwili. Cha kwanza kina maji ya udongo mwekundu, kama vijito vyetu vingi baada ya mvua. Cha pili kina maji maangavu, unaona mpaka chini, na mawe yake yamepakwa rangi ya manjano au ya kutu. Ungemtuma mtoto wako kuteka maji wapi? Wengi watajibu: katika cha pili. Jihadhari! Maji ya udongo si safi, ni kweli; yanataka kutulizwa, kuchujwa na kuchemshwa. Lakini uchafu wake unauona. Maji ya kijito cha pili yaweza kuwa na metali zilizoyeyuka, na hizo jicho halizioni.

Neno letu la leo ni hilo moja: maji maangavu si lazima yawe maji safi. Ukiliweka moyoni, utawaokoa samaki, na pengine watoto wako pia.

METALI HUYEYUKAJE?

Tia chumvi katika kikombe cha maji, koroga. Chumvi haionekani tena, lakini ukionja unajua imo. Pitisha maji hayo katika kitambaa: chumvi inapita pamoja nayo. Yaache mpaka kesho: chumvi haishuki chini. Metali iliyoyeyuka hufanya vivyo hivyo. Udongo unatua chini, metali iliyoyeyuka inabaki ndani ya maji na kusafiri nayo.

Lakini jiwe la mgodi ni gumu. Nani analiyeyusha? Mara nyingi ni pirite. Mnalijua jiwe hilo: linang'aa kama dhahabu na kuwadanganya wachimbaji wapya. Ndani yake mna chuma na kiberiti. Likiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, limelala. Tukilichimba, tukalivunja na kuliweka juani na mvuani, linaamka. Hewa na maji, pamoja na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, hugeuza kiberiti chake kuwa asidi ile ile iliyomo katika betri ya motokari. Asidi hiyo inapopita katika mawe huyeyusha shaba, zinki, alumini, kadimi na kobalti, kama zimo. Chuma chenyewe kinatoka na maji, na kinapokutana na hewa kinageuka kutu na kupaka mawe ya kijito. Ndiyo ile rangi ya manjano tuliyoitaja.

Si kila mgodi una pirite nyingi, na si kila kijito chenye kutu kina sumu, kwa maana chuma cha kawaida cha udongo wetu pia hupaka mawe. Lakini rangi hiyo ikitokea chini ya rundo la mawe ya mgodi, mahali ambapo zamani haikuwapo, hiyo ni habari ya kupeleka kwa kapita siku hiyo hiyo.

SAMAKI ANAKUFA KWA NAMNA GANI?

Fungua shavu la samaki aliye hai. Utaona nyama nyekundu, nyembamba kama karatasi, zimepangwa kama meno ya kitana. Hayo ndiyo matamvua. Kwa samaki ndiyo mapafu yake. Lakini yana kazi ya pili ambayo wengi hawaijui: yanalinda chumvi ya damu. Damu ya samaki wa mto ina chumvi nyingi kuliko maji anamokaa. Kila saa chumvi hiyo inataka kutoroka, na kila saa matamvua yanaivuta kutoka majini na kuirudisha. Samaki akishindwa kufanya hivyo, anakufa, hata kama maji yana hewa ya kutosha.

Basi kila metali ina njia yake ya kuvunja nyumba hiyo:

Shaba inazuia matamvua kurudisha chumvi. Samaki anapoteza chumvi kidogo kidogo mpaka moyo unashindwa.

Zinki na kadimi zinapita katika mlango wa kalisi, madini yanayojenga mifupa, na kuuziba. Samaki anakosa kalisi.

Alumini inagandamana juu ya matamvua. Samaki anatoa ute mwingi ili kujisafisha, na ute wenyewe unamziba pumzi. Jambo hili hutokea hasa pale kijito chenye asidi kinapoungana na kijito kizuri. Kwa hiyo msishangae kama samaki wanakufa kwenye maungano ya vijito na si karibu na mgodi.

Chuma kinafunika mayai ya samaki na mawe ambamo wadudu wa maji wanakaa. Wadudu hao ni chakula cha samaki. Wakitoweka, samaki naye anaondoka au anakonda.

Kuna pia madhara yasiyoua siku hiyo hiyo. Shaba kidogo tu inaharibu pua ya samaki. Ndiyo, samaki ananusa! Kwa pua anatafuta chakula, kwa pua anajua adui amekaribia. Samaki asiyenusa haishi siku nyingi. Mvuvi hatakuta mizoga mtoni. Ataona tu kwamba wavu wake unarudi mtupu mwaka hata mwaka.

KIASI GANI KINATOSHA KUUA?

Hapa kuna jambo la kushangaza. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa ya mtu yasizidi shaba miligramu 2 katika litri 1. Kwa samaki kiasi hicho ni kikubwa mno. Katika maji laini, miligramu 0.05 kwa litri, yaani mara 40 chini ya hapo, yatosha kuua watoto wa aina za samaki zilizo dhaifu.

Tupige hesabu ya nyumbani. Umechimba bwawa la meta 5 kwa 4, kina chake meta 1. Lina litri 20,000. Gramu 1 tu ya shaba ikiyeyuka humo, umekwisha fika miligramu 0.05 kwa litri. Yale mawe ya buluu ya salfati ya shaba, ambayo watu wanatumia kwa kutibu ugonjwa wa mimea, robo ya uzito wake ni shaba. Basi gramu 4 za dawa hiyo, ambazo hazijai kijiko, zimetosha kufikisha bwawa lako hapo. Usioshe pompu ya kunyunyizia dawa karibu na bwawa!

Samaki hawalingani nguvu. Tilapia anavumilia kuliko wengi. Kambale anavumilia zaidi, maana anaweza kupanda juu na kuvuta hewa, na hafi upesi maji yanapoharibika. Kwa hiyo ukiona kijito kimebaki na kambale peke yake, wala samaki wadogo wengine hawapo, usiseme: mbona kuna uhai? Kambale ndiye anayebaki wengine wakiisha kuhama.

Na maji pia hayalingani. Maji yenye chokaa nyingi yanamkinga samaki, kwa sababu kalisi inashika mlango wa matamvua kabla metali haijaingia. Maji laini hayana mlinzi huyo. Utayajuaje? Kwa sabuni. Kama sabuni inatoa povu upesi na jingi, maji yako ni laini. Kama povu ni gumu kutoka na nguo zinabaki na utando, maji yana chokaa. Mama anayefua anaweza kuwa mpimaji wa kwanza wa kijito. Vile vile maji ya msituni yenye rangi ya chai, rangi inayotoka katika majani yaliyooza, yanashika sehemu ya metali na kupunguza ukali wake. Kumbe maji meusi ya msitu yaweza kuwa mema kwa samaki kuliko yale maangavu ya chini ya rundo!

KWETU KASONGO NA KABAMBARE

Tazameni namna mito yetu ilivyofungamana. Luama inatoka katika milima ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, inavuka Kabambare, na kumwaga maji yake katika Lualaba. Lualaba inapita Nyangwe katika teritwari ya Kasongo na kuendelea Kindu. Vijito vya pande za Namoya na Salamabila, ambako dhahabu imechimbwa tangu siku za wakoloni, ambako mgodi mkubwa wa kisasa ulifika kwenye uzalishaji wa biashara mwaka 2016, na ambako wachimbaji wa mikono ni wengi, havibaki pale. Vinashuka. Kinachotupwa juu kinakwenda kwa watu wa chini: kwa Wagenya na nyavu zao, kwa mama anayeuza samaki wa kukaushwa sokoni, kwa mtoto anayekula ugali na sombe iliyotiwa samaki mdogo kwa sababu nyama hainunuliki.

Lualaba ni mto mkubwa, na wingi wa maji yake unapunguza ukali wa sumu. Lakini vijito vidogo havina nguvu hiyo. Na samaki wengi huingia katika vijito vidogo na mabonde yenye maji wakati wa mvua ili kutaga. Ukiua kijito, umechoma nyumba ya kuzalia.

TUJIFUNZE KWA WENGINE

Yaliyotokea kwa jirani yasingoje kutokea kwetu.

Kilembe, Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori, palikuwa na mgodi wa shaba uliofanya kazi toka 1956 hadi 1982. Karibu na mji wa Kasese liliachwa rundo la pirite yenye kobalti, wapata tani milioni 1. Mgodi ulifungwa, wafanyakazi wakaenda zao, lakini mawe hayakupumzika. Mvua ilizidi kutoa asidi katika rundo, na mahali maji hayo yalipopita kuelekea Ziwa George, lenye wavuvi wengi, majani yalikufa. Wachunguzi walikuta shaba na kobalti katika matope ya ziwa. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kutoa kobalti katika rundo lile kwa msaada wa vijidudu, na hivyo rundo likapunguka. Fundisho: mgodi unaweza kufungwa kwa siku moja, asidi haifungwi hivyo.

Chambishi, Zambia, tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la mabaki la mgodi wa shaba ulibomoka. Wapata litri milioni 50 za maji yenye asidi na metali zikaingia katika kijito Mwambashi, na toka huko katika mto Kafue. Samaki waliokufa walionekana mpaka kilomita 100 chini ya hapo. Mji wa Kitwe, wenye watu wapata 700,000, ulikatiwa maji ya bomba. Serikali ilituma ndege na mashua kumwaga chokaa mtoni. Kwa nini chokaa? Kwa sababu chokaa inavunja asidi, na asidi ikivunjika metali nyingi haziwezi kukaa zimeyeyuka. Zinageuka matope na kutua. Mgodi unaofanya kazi vema unatia chokaa ndani ya mabwawa yake, kabla maji hayajatoka. Kutia chokaa mtoni ni kumfunga jeraha mtu aliyekwisha kuumia.

USICHANGANYE MAADUI WATATU

Katika dhahabu kuna sumu mbili nyingine, na njia zao si zile za shaba na zinki.

Sianidi si metali. Inaua samaki upesi sana, kwa dakika au saa chache. Ikipata hewa na jua inavunjika kidogo kidogo.

Zebaki ni metali, lakini kwa kawaida haimuui samaki. Inafanya jambo baya zaidi: inajificha ndani yake. Katika matope ya mto vijidudu vinaigeuza, samaki mdogo anaila, samaki mkubwa anakula wadogo wengi, na mwisho mtu anakula mkubwa. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki ulitambuliwa mwaka 1956. Watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika, hata wale ambao mama zao walionekana wazima. Kwa sababu hiyo mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013.

Basi kumbuka: shaba inamuua samaki kabla hajafika sahanini. Zebaki inamwacha hai afike sahanini. Samaki aliye hai na mnono si ushahidi kwamba mto hauna zebaki.

MASWALI YA NYUMBANI

Je, nikichemsha maji, metali zinatoka? La! Kuchemsha kunaua vijidudu, na hivyo ni kuzuri. Lakini metali hazichemki zikaondoka. Mvuke unatoka, metali zinabaki, na maji yaliyobaki sufuriani yanakuwa makali zaidi. Dawa ya maji yenye metali ni moja: kuteka mahali pengine.

Je, samaki waliokufa na kuelea wanafaa kuliwa? Usiwale, usiwauze, usiwakaushe, wala usiwape kuku na mbwa. Hujui kilichowaua. Pengine ni metali, pengine ni sianidi, pengine mtu ametia mtoni dawa ya wadudu ili kuvua. Zote hizo si chakula.

Samaki wa bwawa langu wanapanda juu na kutweta. Ni sumu? Si lazima. Kama wanatweta alfajiri na kutulia jua likipanda, na kama wakubwa ndio wanaokufa kwanza, mara nyingi ni ukosefu wa hewa: umetia mbolea au chakula kingi mno. Kama wanateseka saa yoyote, wadogo wanakufa kwanza, na matamvua yamejaa ute, fikiri juu ya sumu. Funga mfereji wa kuingiza maji mara moja, kisha uchunguze juu ya kijito.

Nimesafirisha watoto wa tilapia katika ndoo mpya ya bati, wamekufa njiani. Kwa nini? Bati jipya limepakwa zinki, na maji laini ya mvua yanaiyeyusha. Tumia ndoo ya plastiki au chungu. Wala usijaze bwawa dogo kwa maji yanayotiririka kutoka paa la mabati mapya.

YA KUFANYA

Kazini:

1. Usifungue mlango wa bwawa la mabaki wala kupeleka maji ya shimo kijitoni bila amri iliyo wazi. "Ni maangavu" si ruhusa.

2. Unapopita kwenye ukuta wa bwawa, tazama: ufa mpya, mahali palipolowa, maji yanayotoka chini. Ufa wa leo ni mafuriko ya kesho. Sema kabla ya mwisho wa zamu.

3. Usimwage asidi ya betri wala usioshe mapipa ya dawa mtoni. Usichukue pipa la dawa kwenda nalo nyumbani kuwekea maji, hata likioshwa mara kumi.

4. Mawe yenye pirite yawekwe pale yalipoagizwa, yafunikwe, na maji ya mvua yageuzwe yasiyapitie.

5. Ukiona maji yamebadilika rangi au samaki wanaelea, andika siku, saa na mahali, umwambie kapita na mjumbe wa usalama. Watu wa vijiji vya chini waonywe kwanza. Maneno ya nani mwenye kosa yatafuata. Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamdai mwenye mgodi alinde mazingira na kulipa madhara ya uchafu wake. Kwa hiyo anayetoa habari mapema anawaokoa majirani, na mgodi vilevile.

Nyumbani:

1. Teka maji juu ya mgodi, si chini yake, au katika chemchemi iliyolindwa.

2. Betri za redio na tochi zilizokwisha zisitupwe mtoni wala bwawani, wala watoto wasizichezee.

3. Zebaki isichomwe jikoni wala karibu na watoto na mama mwenye mimba. Moshi wake hauonekani.

4. Wafundishe watoto kutazama kijito: wadudu chini ya mawe, samaki wadogo ukingoni, rangi ya mawe. Mtoto anayejua kijito chake ataona mabadiliko kabla ya baba aliye shimoni.

Ndugu mfanyakazi, wewe ndiwe unayeshika mlango wa pompu, ndiwe unayepita ukutani kabla ya jua kuchomoza. Aliye chini ya mto hakujui jina, lakini anakunywa kazi ya mikono yako. Fanya kazi yako kama vile bwawa la mwanao liko chini ya mgodi. Kwa wengi wetu, liko huko kweli.

MAJI YAKIWA MAANGAVU, TAFUTA SAMAKI. SAMAKI AKIKOSEKANA, ULIZA KWA NINI.